Likizo ya Pangani: ya kuona, ya kufanya, na kwa nini uangalie mwezi kabla ya kukata tiketi

Kila Desemba ikikaribia naulizwa swali lilelile: "Kaka, watoto tuwapeleke wapi?" Wengi wanaouliza wako Dar. Zanzibar wameshakwenda mara mbili tatu, Bagamoyo wameichoka, na mfukoni hali siyo ya kwenda Serengeti. Jibu langu miaka yote ni moja tu: Pangani. Leo nimeamua kuliandika kirefu ili nisirudierudie, na pia kwa sababu kuna kosa nililifanya kule wiki ya Krismasi 2022 ambalo nusura lizae msiba. Kosa lenyewe ni la kijinga kabisa, na nina hakika watu wengi wa bara tunalifanya.

Kwanza niseme mimi na Pangani tunajuanaje. Babu yangu mzaa mama alitoka Songea akaja Tanga kama manamba, kukata mkonge. Mama kazaliwa kambini, kasoma huko, kaondoka akiwa msichana baada ya kuolewa. Kwa hiyo safari ile ya 2022 ilikuwa ya likizo kwa watoto, lakini kwa bi mkubwa ilikuwa ya kurudi kwao baada ya miaka mingi. Alikuwa na miaka 68. Kuogelea hajui.

Alichokitaka zaidi ya vyote ni kwenda Maziwe. Utotoni alikuwa akikiona kisiwa hicho kutoka ufukweni, kimesimama na mivinje yake, na wavuvi walikuwa wakipumzika kule na kulala. Hakuwahi kufika. Nani angempeleka mtoto wa manamba kisiwani?

Sasa, kwa wasiojua, Maziwe ni fungu la mchanga lililo kusini mashariki ya mji wa Pangani, kilomita nane hivi kutoka pwani ukiondokea Ushongo. Limezungukwa na matumbawe. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kisiwa kuwa hifadhi ya bahari, maana kilikuwa mahali pakubwa mno pa kasa kutagia mayai. Na hapohapo ndipo balaa lilipoanza. Bahari ikala ukingo, mivinje ikaanguka mmoja mmoja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa chenye miti hakikuwepo tena. Kilichobaki ni mchanga mweupe unaojitokeza maji yakipwa na kuzama maji yakijaa. Nilimweleza mama habari hizo kabla hatujaondoka Dar, akaitikia tu. Nadhani hakuniamini.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, nitulie kidogo.

Sisi wa bara tunaijua bahari kama ziwa lenye chumvi. Tunasikia kupwa na kujaa, tunadhani ni mambo ya wavuvi. Kumbe ukanda wetu huu maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kiasi cha kupanda kinabadilika kufuatana na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa vimejipanga kwenye mstari mmoja na dunia, vinavuta pamoja. Siku hizo na moja mbili zinazofuata ndizo za bamvua: maji yanakupwa mbali sana, kisha yanajaa kwa nguvu, tofauti kati ya chini na juu inapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, mvuto unapingana, unapata maji mafu: tofauti inaweza kuwa kama mita moja tu. Ndiyo maana wazee wa pwani hawahitaji jedwali. Wanahesabu mwezi mwandamo, basi. Tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu wanajua bamvua inakaribia.

Jambo la pili ambalo ni zuri sana kwa mpanga likizo: katika pwani yetu, saa za bamvua ni zilezile mwaka mzima, kwa makadirio. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi na kujaa kabisa kama saa 10 jioni. Siku za maji mafu inageuka, asubuhi saa 4 maji yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ukijua mwezi una siku ngapi, unaweza kukaa Manzese ukakadiria maji ya Ushongo yatakuwaje.

Na la tatu, ambalo ndilo lililonipata mimi. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kidogo. Saa ya kwanza yanasogea taratibu mno, unaweza kuapa yamesimama. Saa ya pili yanachangamka. Saa ya tatu na ya nne yanakuja mbio, karibu nusu ya maji yote yanaingia katika saa hizo mbili. Kisha yanapoa tena.

Sasa fikiria mimi. Mwezi ndiyo kwanza unaandama, bamvua yenyewe. Nahodha wa mashua alituambia tangu jana yake: tuwe ufukweni saa 1 asubuhi. Sisi tumeamka saa 2, chai, mihogo, mtoto kapoteza kandambili, tukaingia mashuani saa 4. Tumefika Maziwe saa 5 kasoro. Mchanga mpana, mweupe mpaka unaumiza macho, hakuna jani. Watoto wakarukia maji na miwani yao ya kuzamia, samaki wa rangi zote, viti vya pweza (hao ni nyota wa baharini, watoto wa Dar waliwaita biskuti), raha mustarehe. Mama akasimama katikati ya mchanga na mwavuli, akageuka huku, akageuka kule. Akaniuliza, "Miti iko wapi?" Nikamwambia mama nilikueleza. Akasema, "Ulinieleza, lakini nilijua hata kisiki kitakuwepo."

Saa 6 nahodha akasema tufungashe. Nikamwambia kaka, tumelipia siku nzima, na maji mbona yapo palepale? Kweli yalikuwa kama palepale! Saa 6 na nusu akarudia. Nikamjibu kwa mkato, jibu ambalo sitaliandika hapa. Naye kijana mstaarabu, akanyamaza, akaenda kuisogeza mashua yake ili isipigwe na mawimbi.

Saa 7 mchanga ulikuwa umekatika vipande viwili. Sikuona ulivyokatika. Mama na mjukuu mdogo walikuwa kipande kile, sisi huku, katikati maji ya magoti. Dakika kumi baadaye ya mapaja, na yanakwenda kwa kasi kama mfereji. Upepo wa kaskazi nao ukawa umeamka, mashua haiwezi kukaribia upande wa mama kwa sababu ya mawimbi. Nahodha na msaidizi wake ndio waliovuka, mmoja kambeba mtoto begani, mwingine kamshika mama mkono na kumtembeza kwenye maji ya kifua, huku akimwambia "pole pole bibi, usitazame chini, nitazame mimi." Mimi baba mwenye nyumba nilikuwa nimesimama nimeshika begi la chakula. Tunaingia mashuani, nikageuka kuangalia: kulikuwa na povu tu.

Hakuna aliyenisema njiani. Ingekuwa afadhali wangenisema.

Basi wadau, kanuni ya Maziwe ni hii: chagua siku za bamvua kwa ajili ya kupwa kwa asubuhi, ondoka mapema maji yakiwa bado yanatoka, na nahodha akisema tuondoke, unaondoka. Vaeni jaketi za kuokolea tangu mnapanda, siyo mkishaona mawimbi, na kama chombo hakina jaketi za kutosha shuka. Sisi tulikuwa nazo nne kwa watu saba, na nilipanda nikiziona ni nne. Beba maji ya kunywa na kivuli, maana kule jua halina pa kukwepea. Kuna ada ya kuingia hifadhi, uliza risiti.

Kwa nini nasema bado uende, pamoja na yote hayo? Kwa sababu ya kasa. Kasa wa kijani bado anapanda Maziwe usiku kutaga, kama walivyofanya mama zake wakati kuna miti. Yeye hajui kwamba kisiwa kimekwenda. Mayai yanahitaji kama siku 50 hadi 60 mchangani, na bamvua ya kwanza tu inayazamisha. Kwa hiyo watu wa uhifadhi huyafukua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo, wanayafukia upya kwa kina kilekile na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Ukibahatika kuwepo siku ya kuanguliwa, utaona vile vidude, kimoja hakijazi kiganja, vinakimbilia majini. Mwanangu wa kiume alilia. Joto la mchanga ndilo linaloamua watakuwa majike au madume; mchanga ukiwa moto zaidi wanatoka majike wengi. Uliza hotelini au kwa wenyeji wa Ushongo, wanajua ni kiota gani kinakaribia. Usipige picha kwa mwanga mkali, wanapotea njia.

Mjini Pangani penyewe siku moja inatosha, lakini iwe nzima. Mji umelala, kuta za chokaa zinabomoka, milango ya nakshi imesimama kwenye nyumba zisizo na paa. Huo mji ulikuwa na jina kubwa. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa kutoka upande wa Kilimanjaro ilishukia hapo, na kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu. Mwenye shamba mmojawapo ni Abushiri bin Salim, yule aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani. Vita ilianzia hapohapo Pangani Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kupandisha bendera yake. Afisa wao pale aliitwa Zelewski. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Huyo Zelewski naye hakufika mbali. Wahehe walimmaliza Lugalo Agosti 1891. Hemedi bin Abdallah akaitungia vita ya pwani utenzi mrefu, lakini ukizunguka mjini na watoto ukitafuta habari hizi zimeandikwa wapi, utachoka. Mtafuteni mzee wa kuwatembeza. Boma lipo, la tangu enzi za Waomani, na wenyeji watawasimulia kuhusu watu waliozikwa hai kwenye misingi yake. Hiyo ni simulizi. Watoto wangu walilala taa imewashwa.

Jioni panda mashua upande mto. Mto Pangani unakuja kutoka maji ya Kilimanjaro na Meru, safari ya kilomita 500 hivi, na kabla ya kufika hapo umeshazungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani Falls. Kwa hiyo maji uliyonayo chini ya mashua yameshafanya kazi. Kuna mikoko, ndege, minazi, na mamba wapo, msitie mikono majini. Wakulima wa kando ya mto watakuambia maji ya chumvi siku hizi yanapanda juu kuliko zamani, kwa sababu maji baridi yanayoshuka yamepungua. Nahodha alituonyesha minazi iliyokauka vichwa, imesimama kama nguzo za simu.

Ng'ambo ni Bweni. Mimi nilivuka kwa kivuko, na ile foleni yenyewe ni burudani, karanga, kalimati, abiria na mbuzi wake. Mradi wa barabara ya Tanga–Pangani–Bagamoyo una daraja la mita 525 kuvuka mto, kwa hiyo ukikuta unapita juu, sawa, ila utakosa kalimati. Kutoka Bweni ndiyo unashika njia ya Ushongo na Mkwaja.

Na upande huo ndipo kuna Kikogwe. Hapa nimuachie mama. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai ni 62. Vikapandwa Kikogwe, na kutoka hivyo 62 ukaja mkonge wote ule uliowatoa babu zetu Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi. Sijawahi kuona kibao cha utalii kinachosema hivyo. Tulipita kwenye mashamba, mistari imenyooka mpaka macho yanazunguka, na mama akaomba gari lisimame. Akashuka, akanusa. Korona ikisaga majani ya mkonge inatoa harufu moja chachu, ukizaliwa nayo huisahau. Akawaonyesha wajukuu jinsi baba yake alivyokuwa akifunga mafungu ya majani, akahesabu kwa vidole mpaka akachoka. Ile ndiyo ilikuwa saa nzuri kuliko zote za safari yetu na haikutugharimu hata senti. Kama mna mzee kwenye familia aliyepitia kambi za mkonge, mpelekeni akiwa bado ana miguu.

Ukitokea Tanga kuja Pangani, kama kilomita 17 hadi 20 kutoka mjini, chepuka Tongoni. Zamani paliitwa Mtangata. Kuna magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengi ya nguzo, ingawa nguzo zenyewe nyingi zimeanguka. Angalia kwa makini utaona mashimo ya mviringo ambamo zamani mlikuwa na mabakuli ya Kichina. Yameshaondolewa. Vasco da Gama alipita maji haya mwaka 1498, na alipokuwa akirudi mwaka 1499 mabaharia wamepungua kwa magonjwa, akaichoma moto meli yake moja, São Rafael, hukohuko kwenye mafungu ya mbele ya Mtangata. Nusu saa inatosha. Mapango ya Amboni, kaskazini ya Tanga, mnayajua, sina la kuongeza zaidi ya kusema vaeni viatu vya kufunga.

Bahari kati ya Tanga na Pangani ina jambo jingine la ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa jarife walianza kunasa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ameshatoweka duniani pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi kwa jina lake. Hutamwona, anakaa kilindini. Ila ni vizuri kumwambia mtoto anayeogelea kwamba chini huko kuna mzee wa aina hiyo.

Saadani ni kwa wenye gari na siku mbili za ziada. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ndiyo ya bara pekee inayogusa Bahari ya Hindi. Kuna tembo, twiga, viboko Mto Wami, na ufukwe wa Madete ambako kasa wanataga pia. Msitegemee makundi kama ya Serengeti. Unaweza kuzunguka asubuhi nzima ukaona swala na ngiri. Kijiji chenyewe ndiko alikotoka Bwana Heri, aliyepigana na Wajerumani mpaka 1890. Beba kitambulisho chako, raia analipa kwa shilingi na ni kidogo sana kulinganisha na mgeni. Nilipopita 2022 njia ya Mkwaja ilikuwa vumbi tupu, na masika, yaani Machi mwishoni hadi Mei, ile udongo ni tope la kunata, msijaribu na vigari vyetu hivi vidogo.

Chakula: ulizeni samaki asubuhi, siyo usiku mnapokuwa na njaa. Akina mama wa Ushongo wanapika wali wa nazi na changu wa kupaka, wanahitaji muda. Pweza ndiye chakula cha bamvua, maana maji yakipwa mbali ndipo akina mama wanashuka miambani kumchokoa. Siku za maji mafu mtauziwa wa juzi. Kwa upepo, Septemba hadi Novemba bahari imetulia, na Desemba hadi Machi kaskazi inavuma lakini asubuhi huwa shwari. Miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, manahodha wengine watakataa kwenda Maziwe. Msiwabembeleze kwa hela.

Yule nahodha nilimfuata jioni ileile, nikamwomba radhi na kumwongezea malipo. Radhi aliipokea. Fedha ya nyongeza alichukua nusu, nusu akasema nikanunue jaketi mbili za kuokolea niziache kwa mwenye mashua. Nilizinunua Tanga mjini siku ya kuondoka, nikazituma kwa basi.

Mama bado ananiuliza jambo moja ambalo sijaweza kumjibu, nami nalileta kwenu. Yeye aliondoka Pangani mivinje ya Maziwe ikiwa bado imesimama. Mwenye mzazi au babu mvuvi wa Ushongo, Kipumbwi au Pangani mjini, aliyeuona mvinje wa mwisho ukianguka: ilikuwa mwaka gani hasa, na ulianguka upande gani?